Kakangu ataka urithi wetu tununue hisa za kampuni ya dawa, na mwanangu ndiye mgonjwa

Assalamu alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nakaa Kisauni na nina duka dogo la leso Mtaa wa Biashara. Naomba jina langu lisitoke kwa sababu kakangu huisoma safu hii hata huko aliko.

Babangu alipofariki, nyumba yetu ya Mji wa Kale iliuzwa. Tulikwenda kwa Kadhi, mirathi ikagawanywa kisheria bila ugomvi. Baada ya madeni na gharama zilibaki milioni 6.4. Mamangu alipata thumuni yake, laki 8. Kakangu milioni 2.8, mimi milioni 1.4, na mdogo wetu wa kike, ambaye ana miaka 16, naye milioni 1.4. Fungu la mdogo wetu nalishika mimi mpaka amalize shule, kwa kuwa mama hataki mambo ya benki.

Kakangu ni nesi Uingereza. Nasema mapema usije ukamdhania vibaya: si mtu wa ujanja. Babangu alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akituma za dawa, na ada ya mdogo wetu bado analipa yeye.

Sasa amekuja na jambo. Kuna kampuni ndogo ya Marekani inayotengeneza kidonge cha selimundu, siko seli kama tuitavyo. Haijauza dawa hata moja. Hisa zake ziko soko la Nasdaq, dola chache tu kila moja. Marekani wenyewe hawajaipitisha, wameitaka iongeze utafiti, lakini imepeleka ombi Ulaya na kakangu asema jibu li karibu. Maneno yake ni haya: "Ulaya wakishapitisha tu, bei itaruka mara tatu, mara nne, na Marekani watafuata kwa aibu." Yeye ashatia fungu lake lote. Ataka nimtumie milioni 2, yaani zangu zote na laki 6 za mdogo wetu, anunue kwa akaunti yake huko, halafu faida tugawane.

Kila usiku nikifunga duka ananitumia picha ya bei kwenye WhatsApp. Mstari ukiwa wa kijani anaweka na mikono ya dua. Ukiwa mwekundu haandiki kitu.

Linalonifunga mikono ni hili. Mwanangu wa pili, ana miaka 11, ana selimundu. Maumivu yakimshika usiku huniambia, "Mama, nikamate miguu, nikamate sana," nami hukaa sakafuni nimeikamata mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Anakunywa foliki na haidroksiyurea kila siku, na tangu aanze hiyo ya pili kulazwa kumepungua, alhamdulillah. Kakangu ayajua yote. Juzi akaniambia: "Hii ni dawa ya mwanao. Wewe mama yake ukikosa imani nayo, nani atakuwa nayo?" Nililia, Bi Mshauri.

Mume wangu asema pesa ni zangu, yeye haingii. Mama asema kaka yako hawezi kukupoteza. Mimi nilikuwa na nia ya kujenga vyumba viwili vya kupangisha kwenye kiwanja chetu Mtwapa. Nikikataa na dawa ikapita, nitakuwa niliyewanyima ndugu zangu. Nikikubali na pesa zikapotea, huyu mdogo nitamwambia nini? Na hasa nieleze: Ulaya kupitisha dawa, kwa mtu mdogo kama mimi, kuna maana gani?

Mwenye kiwewe, Kisauni.

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: kidonge, hisa, na mapenzi ya ndugu. Kaka yako ameyafunga bila nia mbaya, nakubaliana nawe. Lakini yakikaa hivyo huwezi kuamua hata moja, kwa sababu ukigusa la hisa, linalouma ni la mtoto. Kwa hiyo nitayafungua, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa lina majibu.

Shirika la Dawa la Ulaya liko Amsterdam. Kamati yake ya wataalamu husoma utafiti wa kampuni na kutoa maoni. Idhini yenyewe hutolewa baadaye na Kamisheni ya Ulaya, kwa kawaida baada ya kama miezi miwili. Basi la kwanza muulize kaka: hilo jibu analolingoja ni lipi, maoni ya kamati au idhini? Si swali la kumchokoza. Wenye pesa nyingi na wachambuzi wao hawangoji karatasi ya mwisho. Matumaini hupandisha bei mapema, na habari njema ikitoka wengi huuza siku hiyo hiyo. Anayenunua mwishoni ndiye anayewapokea.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: idhini ni ruhusa ya kuuza, haimletei mtu mnunuzi. Ikishatoka, kampuni inatakiwa kukaa na Ujerumani wapatane bei, na Ufaransa peke yao, na Italia peke yao. Uingereza anakoishi kaka yako imetoka Umoja wa Ulaya, ina mamlaka yake na idhini yake. Mazungumzo hayo huchukua miezi, pengine miaka, na wakati huo wote kampuni inalipa mishahara.

Nikupe mfano wa kampuni inayojulikana, bluebird bio ya Marekani, kwa kuwa nayo ilikuwa kwenye magonjwa ya damu. Mwaka 2019 Ulaya iliipitishia tiba ya thalasemia. Ikataka euro milioni 1.575 kwa mgonjwa mmoja. Ujerumani haikukubali bei hiyo, na mwaka 2021 kampuni ikaondoa dawa yake huko, kisha ikaondoka Ulaya nzima. Ikarudi kwao, Marekani ikaipitishia tiba hiyo mwaka 2022, na tarehe 8 Desemba 2023 ikaipitishia nyingine, hii ya selimundu yenyewe, ya bei ya dola milioni 3.1. Siku hiyo ya idhini hisa zake ziliporomoka. Unaona ajabu hiyo? Idhini ilikuja na onyo kali la hatari ya saratani ya damu, mshindani alipitishwa siku hiyo hiyo kwa bei nafuu zaidi, na kampuni ikakosa hati fulani ya upendeleo ambayo ingeiuza kwa pesa nyingi. Hisa iliyopita dola 200 mwaka 2018, Februari 2025 wenye hisa walipewa ofa ya dola 3 kwa kila hisa pamoja na nyongeza yenye masharti, tena baada ya kila hisa 20 za zamani kuunganishwa kuwa 1. Kampuni ile haikukosa idhini. Ilizipata pande zote mbili za bahari.

Sasa nikikuachia hapo nitakuwa nimekuonea, maana upo mfano wa upande wa kaka. Global Blood Therapeutics nayo ilikuwa ya Marekani, na dawa yake Oxbryta ilikuwa kidonge cha selimundu, karibu sawa na unachosimuliwa. Marekani waliipitisha Novemba 2019, Ulaya Februari 2022, na Agosti mwaka huo Pfizer, kampuni kubwa ya dawa, wakatangaza kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 5.4, dola 68.50 kila hisa. Waliokuwa nazo walilipwa wakaenda zao. Hivi ndivyo kaka yako anavyoiona kesho, na si ndoto ya mwendawazimu, mambo kama haya hutokea. Ila Septemba 2024 Pfizer waliiondoa Oxbryta duniani kote, kwa kuwa takwimu zilionyesha madhara yake, vifo vikiwemo, yanapita faida yake. Mwenye hisa alishalipwa zamani. Aliyekuwa akikinywa kile kidonge ndiye aliyebaki kumwuliza daktari atafanya nini.

Hapo nataka usimame kidogo, kwa sababu ya lile neno alilokuambia juzi. Mwenye hisa na mgonjwa hawana safari moja. Mmoja anaweza kutajirika mwenzake akaumia, na kinyume chake. Kununua hisa hakumpi mwanao kidonge hata kimoja, wala kutonunua hakumnyimi. Ulaya ikipitisha, kampuni italazimika kuleta ombi jingine kwa Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya, ikiona soko letu linailipa. Nyingi hazileti mapema. Imani yako kwa mwanao iko kwenye ile haidroksiyurea anayokunywa kila siku na kwenye miguu unayoikamata usiku. Sidhani kaka yako alikusudia kukuumiza. Nesi aliye mbali na mpwa wake anayeugua hujiona mnyonge, na hisa zimempa kitu cha kufanya. Lakini neno lile lilikuwa zito kuliko alivyojua, na una haki ya kumwambia hivyo.

Kuhusu "Marekani watafuata kwa aibu", hilo silioni. Kila mamlaka husoma kwa macho yake. Thalidomide, dawa ya usingizi iliyonywewa pia na wajawazito, iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 na Uingereza tangu 1958, lakini Marekani daktari mmoja wa mamlaka yao, Frances Kelsey, aliizuia akidai ushahidi zaidi, na baadaye dunia ikaona watoto waliozaliwa bila mikono. Karibu zaidi na sisi kuna Adakveo, dawa ya selimundu ya Novartis: Ulaya iliipitisha 2020, ikaifuta 2023 utafiti mkubwa uliposhindwa kuonyesha faida, na Marekani ikaiacha sokoni. Idhini nyingine za Ulaya huwa za masharti, hutazamwa upya kila mwaka. Muulize kaka kampuni yake imeomba ya namna gani, na Marekani waliona upungufu gani hasa mpaka wakataka utafiti zaidi. Upungufu ule Ulaya nao wanausoma.

Kuna jambo lisilosemwa sana kwenye vikundi vya WhatsApp. Kampuni isiyouza kitu huishi kwa kuuza hisa mpya. Na wakati mzuri wa kuziuza ni bei ikiwa juu, yaani mara tu baada ya habari njema. Ni kama sinia la pilau: walioketi wanne, wakaongezwa wanne, na wali ni ule ule. Kampuni za Marekani zilizo kwenye soko la huko hutakiwa kutoa ripoti kila robo mwaka, bure, mtu yeyote asome. Mwombe kaka akutumie ile ya karibuni akuonyeshe mahali panaposema pesa zilizobaki zitawafikisha mwezi gani. Kama hajawahi kupasoma, mwanangu, hilo nalo ni jibu.

Halafu kuna shilingi yetu. Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160, na kufikia Machi imeshuka kama 130. Aliyepeleka pesa nje Januari ile alipoteza karibu moja ya tano bila kampuni yoyote kufanya kosa. Inaweza kugeuka ikakufaidi pia, lakini ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa ndugu. Umeniambia kaka yako si mtu wa ujanja, nami nakubali. Lakini mwema pia hukosea hesabu, na anayekupenda anaweza kukuingiza hasarani akiwa na yakini kabisa. Umenitajia kwamba mstari ukiwa mwekundu haandiki kitu. Lile lilinikaa. Mtu aliyetia milioni 2.8, urithi wake wote, mahali pamoja, halafu akanyamaza siku mbaya, yumkini ana hofu asiyoweza kuitamka kwa dada yake. Je, umewahi kumwuliza alinunua kwa bei gani na leo ni ngapi? Wengine bei ikishuka hutafuta pesa za kununua nyingine ili wastani wa bei waliyonunulia upungue, na hawajui kwamba wanafanya hivyo kwa woga. Sisemi ndivyo alivyo. Nasema muulize, tena kwa sauti ya dada.

Na hiyo akaunti ni ya jina lake. Hisa zikinunuliwa humo, mbele ya sheria ya huko ni zake. Mungu ampe umri, lakini akiondokewa na kesho yake, mkewe au serikali ya kule haitajua habari ya milioni 2 za dada wa Mombasa. Mamlaka yetu ya Masoko ya Mitaji haiwezi kukusaidia kwa madalali wa nje ambao haikuwapa leseni. Hata mkipatana, andikeni, mashahidi wawepo, na iandikwe pia hasara itakwenda kwa nani. Umesema mtagawana faida. Hasara hamkuitaja.

Fungu la mdogo wenu nalitenga na yote haya. Lile ni amana, na wewe ni mwenye kushika. Mambo ya fikihi nayaacha kwa wenye elimu yake, ila mlango wa Kadhi aliyewagawia bado uko wazi, na ukienda kuuliza kama mwenye amana anaruhusiwa kuitia pesa ya mtoto kwenye jambo la bahati namna hii, utarudi na jibu ambalo hata kaka hawezi kulihesabu kuwa ni uoga wako. Uliza pia kama hisa zenyewe zinafaa kisheria, maana kampuni yenye madeni ya riba ina hukumu zake. Na huyu binti ana miaka 16. Aketishwe, aambiwe. Hataamua, lakini asije akasikia na watu.

Za kwako ni zako, na hapo njia ni zaidi ya mbili ulizoziona. Unaweza kutia kiasi ambacho kikipotea chote duka halitikisiki, ukakihesabu kimekwenda tangu siku ya kukituma. Faida yake ni kwamba hutabaki na "laiti". Ubaya wake ni kwamba kidogo huita kikubwa, na kaka anaweza kuona umemdharau. Unaweza kungoja Ulaya waamue, uone nchi ya kwanza itakubali bei gani, ndipo ufikirie. Ukingoja hivyo, kama bei itaruka utakuwa umeikosa ile ruka ya kwanza. Lakini utakuwa unanunua unachokiona. Unaweza kukataa kabisa, na ukawa tayari kwamba huenda ikapanda kweli, na mezani Idi ikatajwa. Ujiulize kama hilo unaliweza, kwa sababu dawa nyingi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, kama tisa katika kumi, hazifiki mwisho, ila hii imeshafika mbali na inaweza kuwa ile ya kumi.

Wala usidhani vyumba vya Mtwapa ni peponi. Umesema "kiwanja chetu": hati iko kwa jina la nani? Imepita kwa msajili wa ardhi, au ni karatasi ya mzee wa mtaa? Pwani hii watu wamejenga mpaka linta ndipo mwenye shamba akatokea. Mpangaji naye hukaa miezi bila kulipa na ukimwambia analia. Ninachotaka ni uyaulize maswali yale yale pande zote mbili, usije ukakimbia hisa kwa kuziogopa ukaangukia mchanga na simiti bila kuuliza kitu.

Akipiga simu usiku, usijibu ndiyo wala siyo. Mwambie, "Kaka, nipe majibu haya kwanza," na umtumie maswali kwa maandishi: ulinunua kwa bei gani, wanangoja maoni au idhini, pesa za kampuni zitafika mwezi gani, Marekani walikataa nini, na akaunti ikiwa yako, mimi naonekana wapi. Akikasirika kwa maswali, mpe siku mbili tatu, kisha umpigie umwulize habari ya kazi na usingizi wake, bila kutaja hisa. Akikujibu vizuri, niandikie majibu yake tuyasome pamoja, kwa kuwa huenda mengine yakabadilisha niliyosema hapa.